Filamu za Afrika za miaka ya 1990: zilizovuma na zilizosahaulika, uanze na ipi?

Mwulize mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akutajie filamu za Kiafrika za miaka ya 1990. Ya kwanza itakuwa Sarafina!. Ya pili huenda ikawa Neria, hasa kama unayemwuliza ni mama wa makamo. Baada ya hapo atakutajia "za Kinijeria" kwa ujumla wake, bila jina la filamu, na orodha itakuwa imekwisha. Ilhali muongo ule ulizaa filamu nzito na tamu kutoka Senegal, Burkina Faso na Zimbabwe, nyingine zikafika hadi tamasha la Cannes, na sisi huku hatukuziona.

Hazikukosa kutufikia kwa sababu ya ubovu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na majumba ya sinema yaliishi kwa picha za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani. Filamu ya Kiafrika ilimfikia mtazamaji wa kawaida kwa njia mbili tu: kaseti ya VHS iliyopita mkono kwa mkono, au kituo cha televisheni kilichoirudia mara kwa mara. Iliyosafiri kwa mikanda ya milimita 35 kutoka tamasha hadi tamasha, wahusika wake wakizungumza Kiwolof au Kijula, iliishia Ouagadougou, Paris na kwenye maktaba za vyuo. Sasa simu na intaneti zimeondoa sehemu kubwa ya kizuizi hicho, na mtu mwenye jioni moja anabaki na swali la kuchagua.

Nimechukua filamu sita na kuzipanga mbili mbili. Kila jozi ina moja iliyovuma na moja iliyosahaulika, na zote mbili zinashika jambo lilelile. Msomaji wa Kenya ataniuliza Saikati ya Anne Mungai, ya 1992, iko wapi. Nimeiacha kwa makusudi. Inastahili kulinganishwa na filamu nyingine za wasichana waliokimbia ndoa za kulazimishwa, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Vigezo

Cha kwanza ni hadithi: inakushika tangu dakika za mwanzo, au inakudai subira? Cha pili ni lugha. Hakuna hata moja kati ya hizi sita inayozungumza Kiswahili. Tatu ni za Kiingereza, na tatu zinakutaka usome maandishi ya tafsiri chini ya picha. Kwa familia yenye bibi asiyesoma Kiingereza, hilo ni jambo la kwanza kufikiriwa. Cha tatu ni picha na sauti, pamoja na hali ya nakala unayoweza kuipata. Cha nne, ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote, ni wale utakaokaa nao: watoto, wazazi, wakwe, wenzako wa kazini, au peke yako.

Tuzo sikuzifanya kigezo. Katika muongo huu tuzo zilifuata mikanda ya matamasha na hazikufuata kaseti, kwa hiyo zinatueleza zaidi njia ambayo filamu ilipita.

Mapambano: Sarafina! (1992) na Flame (1996)

Hadithi. Sarafina ni mwanafunzi wa Soweto mwaka 1976, wakati serikali ya makaburu inalazimisha Kiafrikaans kiwe lugha ya kufundishia. Mwalimu wake wa historia, Mary Masombuka, anawafundisha yale ambayo mtaala haukuyataka. Mama yake ni mtumishi wa ndani kwa Wazungu, na binti anamwona mama kama mtu aliyekubali kuonewa. Leleti Khumalo ndiye Sarafina, Whoopi Goldberg ni mwalimu, na mama ni Miriam Makeba, aliyerudi nyumbani mwaka 1990 baada ya miaka thelathini ya uhamisho. Filamu iliongozwa na Darrell James Roodt kutokana na tamthilia ya Mbongeni Ngema iliyoanzia Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Inashika tangu mwanzo. Hata anayefika katikati atajua haraka nani ni nani.

Flame inawafuata marafiki wawili wa kijijini Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Florence na Nyasha, wanaovuka mpaka kuingia Msumbiji mwaka 1975 kujiunga na wapiganaji. Florence anajiita Flame, Nyasha anajiita Liberty. Kambini wanakuta njaa, mafunzo, udugu, na pia kamanda anayemnajisi Florence. Baada ya uhuru mmoja yuko ofisini Harare na mwingine amerudi kijijini kwenye ukame, na nchi waliyoipigania haijui la kufanya na wanawake waliobeba bunduki. Mwongozaji, Ingrid Sinclair, alipata upinzani mkali kutoka kwa maveterani wa vita, na polisi walizikamata picha kabla filamu haijakamilika. Hadithi yake inakwenda polepole kuliko Sarafina!, lakini inaendelea pale ambapo filamu nyingi za ukombozi husimama: siku ya pili baada ya bendera kupandishwa.

Lugha. Zote mbili ni za Kiingereza. Katika Sarafina! nyimbo za Kizulu zinabeba hisia, na hata asiyejua neno lolote atazifuata. Katika Flame Kiingereza kinakaa vibaya mahali kadhaa. Unahisi kabisa kwamba watu hawa wangekuwa wanazungumza Kishona.

Picha na sauti. Sarafina! ni dansi na uimbaji wa umati, imepigwa kwa fedha za kutosha, na nakala safi si shida kupata. Udhaifu wake ni kwamba inaruka kutoka wimbo hadi damu kwa ghafla, na wapo watazamaji ambao mruko huo unawatoa kwenye hadithi. Flame ilitengenezwa kwa bajeti ndogo na mapigano yake yanaonyesha hivyo. Nguvu yake iko kwenye nyuso: Marian Kunonga, anayemwigiza Florence, anaweza kunyamaza dakika nzima ukaelewa kila kitu.

Inamfaa nani. Sarafina! inawafaa vijana wa sekondari na mtu yeyote anayetaka kumweleza mtoto wake kilichotokea Soweto. Lakini ina mateso ya gerezani, wanafunzi wanaopigwa risasi na mtu anayechomwa moto, kwa hiyo si ya watoto wadogo, hata kama nyimbo zake zinavutia. Flame ni ya watu wazima na vijana wakubwa, kwa sababu ya ubakaji. Inawafaa hasa Watanzania waliokulia kwenye fahari ya nchi zilizo mstari wa mbele. Wapiganaji wa ZANLA, jeshi la ukombozi la Zimbabwe, walifunzwa hapa kwetu, Mgagao mkoani Iringa na kwingineko, na filamu hii inatuuliza tunajua nini kuhusu wasichana waliokuwa upande uleule wa vita.

Utajiri na damu: Living in Bondage (1992) na Hyènes (1992)

Hii ndiyo jozi ninayoipenda kuliko zote. Filamu mbili za mwaka mmoja, moja imepigwa kwa kamera za video Lagos, nyingine kwa mikanda ya sinema Senegal, na zote mbili zinauliza maisha ya mtu mmoja yanauzwa kwa bei gani.

Hadithi. Andy Okeke wa Living in Bondage ana mke mwema, Merit, na kiu isiyokwisha. Anawaona wenzake wakiendesha magari ya kifahari wakati yeye amekwama. Rafiki yake Paulo anampeleka kwenye kundi la siri ambako utajiri upo, ila kwa sharti: amtoe kafara mtu anayempenda kuliko wote. Kwetu mambo haya yana jina kabisa, utajiri wa masharti, na ndiyo maana Mswahili hahitaji kuelezwa kitu. Anajua tangu mwanzo kwamba sharti lina mkia wake. Sehemu ya kwanza ni ndefu, na ya pili, ya 1993, inamfuatilia Andy anavyolipa.

Hyènes (yaani "Fisi") ya Djibril Diop Mambéty inatokea Colobane, mji uliofukarika hadi samani za ofisi ya meya zinachukuliwa kwa ajili ya deni. Kisha anarudi Linguère Ramatou, mwanamke aliyefukuzwa hapo akiwa binti mwenye mimba, na sasa anasemwa kuwa ni tajiri kuishinda Benki ya Dunia. Mji mzima unampokea kwa ngoma. Anaahidi fedha nyingi, za mji na za kila kaya, kwa sharti moja: wamwue Draman Drameh, mwenye duka anayependwa na kila mtu, aliyemkana zamani na kuwahonga mashahidi wa uongo.

Watu wa Colobane wanakataa. Wanakataa kwa hasira, mbele ya umati, kwa maneno mazuri. Halafu wanaanza kuja dukani kwa Draman kukopa. Sigara bora kuliko ya jana, pombe ya bei. Mmoja ana viatu vipya vya manjano, kesho wawili, keshokutwa kila mguu una viatu vya manjano. Majokofu na feni zinaingia majumbani. Draman anaandika madeni kwenye daftari na polepole anaelewa watu hawa wanatarajia kulipa kwa fedha gani. Hakuna aliyemtishia. Sijui filamu nyingine inayoonyesha hofu kwa njia hii, kwa viatu tu.

Mambéty aliichukua hadithi kutoka tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi, ya 1956, akaipandikiza Afrika ya mikopo na masharti ya kupunguza matumizi. Mtanzania aliyeishi miaka ya maduka matupu, kisha akaona bidhaa zikimiminika enzi za ruksa, atautambua mji huo. Kijana wa leo aliyewahi kuona mikopo ya kausha damu ikiingia mtaani kwao atautambua pia.

Lugha. Living in Bondage ni ya Kiigbo, Hyènes ni ya Kiwolof. Zote zinasomwa. Kwa Living in Bondage unaweza kukosa nusu ya maandishi na bado ukafuata, kwa kuwa sura na kelele zinasema. Kwa Hyènes ukikosa maandishi umekosa filamu, maana maneno ya watu wa Colobane yanakwenda kinyume na matendo yao, na humo ndimo filamu inamokaa. Kama mwenzako hasomi, mwekee sauti yako. Kazi aliyoifanya Lufufu kwa filamu za kigeni Tanzania, na inayofanywa na DJ Afro Kenya, ya kusimulia juu ya picha, inaweza kufanywa sebuleni na mtu mmoja mwenye moyo.

Picha na sauti. Living in Bondage ilikwenda moja kwa moja kwenye VHS, na nakala zinazozunguka zinatokana na kaseti: rangi zimefifia, sauti inakwaruza, matukio mengine yanarefushwa kupita kiasi. Mwenye haraka atachoka. Lakini hapa ndipo biashara ya Nollywood ilipojua kwamba inawezekana. Kenneth Nnebue aliitoa, Chris Obi Rapu akaiongoza, na soko likaonyesha kwamba watu watanunua hadithi yao wenyewe kwa kaseti. Miaka kumi baadaye Bongo Movie ilipita njia hiyohiyo, na Steven Kanumba alifanya kazi na waigizaji wa Nigeria waziwazi. Hyènes ni kinyume kabisa: kila picha imepangwa, muziki ni wa Wasis Diop, ndugu wa mwongozaji, na filamu ilisafishwa upya na kuonyeshwa Cannes tena mwaka 2018. Na Afrika Mashariki imo ndani yake: Mambéty alieleza kwamba tembo aliwatoa kwa Wamasai wa Kenya na fisi akawapata Uganda, kwa sababu alitaka hadithi iwe ya bara zima.

Inamfaa nani. Living in Bondage ni ya kuangaliwa na kundi, watu wakizungumza na skrini, wakimwonya Merit, wakimlaani Andy. Peke yako itapungua nusu. Inamfaa pia yeyote anayetaka kuelewa filamu zetu za Kiswahili zilitoka wapi. Hyènes inamfaa anayeweza kukaa kimya karibu saa mbili na kuzungumza baadaye: walimu wa fasihi, watu wa vikundi vya kuweka na kukopa, viongozi wa mitaa. Mtoto ataiona inachosha. Mtu aliyewahi kuachwa peke yake na jamaa zake kwa sababu ya fedha ajiandae, itamgusa pabaya.

Urithi: Neria (1993) na Keïta! l'héritage du griot (1995)

Hadithi. Neria na mumewe Patrick wamejenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili. Patrick anakufa katika ajali, na shemeji, Phineas, anaanza kuchukua: kitabu cha benki, gari, nyumba, hata watoto, kila mara akitaja mila. Rafiki yake Neria anamsukuma kutafuta sheria. Hadithi iliandikwa na Tsitsi Dangarembga, Godwin Mawuru akaiongoza, na Jesesi Mungoshi akampa Neria uso ambao wajane wengi wa bara hili wameujua kuwa wao. Uzuri wake ni kwamba haitukani mila. Inatenganisha mila na tamaa iliyovaa nguo za mila, na inamwacha mtazamaji aone mshono uko wapi.

Keïta, ya Dani Kouyaté wa Burkina Faso, ni urithi wa aina nyingine. Mzee Djéliba, mtunza masimulizi ya ukoo, anafika Ouagadougou nyumbani kwa mvulana Mabo Keïta kumweleza maana ya jina lake. Anaanza na Sundiata, mtoto kiwete aliyekuja kuwa mwanzilishi wa dola ya Mali, na mvulana ananogewa hadi shule inamshinda. Mwalimu analalamika, mama analalamika, baba yuko katikati. Hakuna mbaya katika filamu hii, wote wanamtakia mtoto mema, na kwa hiyo ugomvi hauna suluhisho jepesi. Djéliba anaigizwa na Sotigui Kouyaté, baba mzazi wa mwongozaji na mtu wa ukoo wa wasimulizi kweli.

Lugha. Neria ni ya Kiingereza chepesi ambacho mtu wa darasa la saba atakifuata. Keïta ni ya Kijula na Kifaransa. Jamaa zetu wa Burundi na Kongo watakuwa na nafuu kwa sehemu ya Kifaransa, wengine tutasoma.

Picha na sauti. Muziki wa Neria ni wa Oliver Mtukudzi, ambaye pia anaigiza kama kaka yake Neria, na wimbo mkuu umeishi kuliko filamu. Kuna watu wanaouimba misibani bila kuwahi kuiona. Picha zake ni za kawaida tu. Keïta ina pande mbili, mji wa leo na enzi za Sundiata, na zile za kale zimepigwa kwa utulivu wa kupendeza.

Inamfaa nani. Neria ni ya kuangaliwa na watu wazima wa familia moja, na ningependa iangaliwe kabla ya msiba, maana baada ya msiba kila tukio litaonekana kama kidole kinachomnyooshea mtu chumbani. Wasaidizi wa kisheria na vikundi vya akina mama bado wanaweza kuitumia kama ilivyo. Keïta ndiyo ningemwekea mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja kati ya hizi sita, awe na mtu mzima wa kumsomea. Aliyelelewa kwa visa vya Fumo Liongo atajisikia yuko nyumbani.

Kwa hali yako

Kama una jioni moja na watu wa rika mchanganyiko, na hujui ladha zao, weka Sarafina!, wadogo wakishalala. Kama chumba kimejaa vijana wenye kelele na soda, Living in Bondage, na ikiwachosha msione haya kuruka baadhi ya sehemu.

Kama kuna mjane nyumbani, au kesi ya mirathi inanukia, Neria, ila mwulize kwanza mwenyewe kama ana nguvu ya kuiona. Kama unaishi ughaibuni na mwanao anauliza kwa nini ana jina la babu yake, Keïta.

Kama wewe ni mwalimu wa historia, chukua Sarafina! na Flame ndani ya wiki moja, Sarafina! ikiwa ya kwanza. Wanafunzi wakianza na Flame wataiona Sarafina! kama sherehe tu. Kwa kikundi cha mikopo kinachokutana kila mwezi, Hyènes, na mtu mmoja asome maandishi kwa sauti kwa Kiswahili. Mwisho wake usiwaambie. Simamisha filamu pale viatu vya manjano vinapokuwa vingi, waulize Draman angefanya nini, halafu endelea.

Na kama zile tatu zilizovuma ulishaziona zamani, nenda moja kwa moja kwa mwenza wa ile uliyoipenda zaidi. Aliyelia na Sarafina! aanze na Flame, aliyetishika na mzimu wa Merit aanze na Hyènes, na aliyemwonea Neria uchungu asikae muda mrefu bila kumsikia mzee Djéliba.